Mwaka Mashine ya Kadzo Ilipokataa Kusema

Bi Zena alipotoka eda, mtu wa kwanza kumwita nyumbani kwake alikuwa Kadzo, na wa pili nilikuwa mimi. Najua mpangilio huo kwa sababu nilimuuliza Kadzo, kisha nikamuuliza Bi Zena, na majibu yakalingana. Ndiyo tabia yangu. Huhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza nijue ukweli, mara ya pili nijue nani ananidanganya. "Njooni mle," ndivyo alivyosema kwenye simu, hakuongeza neno. Tangu azikwe mumewe, Mzee Athman, alikuwa ndani kama ilivyo desturi, haonekani na wanaume wa nje, na mimi nilikuwa nimehudhuria hitima tu pamoja na wanaume wenzangu. Siku hiyo sheikh alimsifu marehemu kwa mambo mengi, na moja likanifanya niangalie vidole vya miguu yangu: kwamba aliwahi kuitia mafuta ya nazi mashine iliyokuwa bubu, mashine ya binti asiyeona, nayo ikasema. Watu wakaitikia mashallah. Mimi nikakohoa. Kisa hicho kilizunguka Malindi miaka mingi, marehemu mwenyewe akikisimulia barazani kwa mikono na macho. Tuliojua kwamba mambo hayakwenda hivyo tulikuwa wawili tu, mimi na Kadzo, au ndivyo nilivyohesabu.

Uani kwa Bi Zena hakujabadilika. Mbuzi ya kukunia nazi iko pale pale nyuma ya mlango, ndoo iko chini ya mfereji unaovuja, na ule ukuta wa mawe ya matumbawe unaendelea kummwagia chokaa kila anayeuegemea. Kadzo alikuwa ametangulia, amekaa kwenye jamvi, fimbo yake nyeupe ameikunja mapajani. Aliposikia nyayo zangu akasema, "Katana. Bado wavaa ndara ya kushoto kubwa kuliko ya kulia?" Nikamwambia nilizipata kwa bei nzuri, kila mguu ulikuwa na bei yake. Akacheka kile kicheko chake cha kwao Vitengeni, cha mtu aliyezoea kusikika toka shamba hadi shamba. Leo ni mtu mzima mwenye cheo. Pale ofisini Kilifi ndiye anayewafundisha kazi vijana wanaoingia na macho yao mawili. Lakini mimi nikimtazama humuona bado yule msichana aliyesimama kwenye kizingiti cha duka, akigonga mlango uliokuwa wazi.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa ishirini na ushei, nimetoka ufukweni. Nilikuwa nawauzia Waitaliano vinyago, na Kiitaliano changu kilikuwa kizuri mno maadamu mazungumzo hayakutoka nje ya twiga. Watalii walipoadimika, Mzee Athman alinichukua dukani kwake, akisema anahitaji mtu asiyeona haya. Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chembamba, chenye mlango wa nakshi mbele na uani nyuma, na ndani yake tuliuza kompyuta zilizochoka: ofisi zikinunua mpya, sisi tulichukua kuukuu, tukazipangusa, tukazitia mfumo wa Linux, ambao ni programu huria, haununuliwi na haukatazwi. Mzee alikuwa na shaka nao. "Kitu cha bure, Katana, kina mwenyewe," aliniambia, na kila nilipoufungua aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenyewe aje kudai. Yeye imani yake ilikuwa kwenye mafuta ya nazi. Kila Ijumaa, kabla ya kuoga kwenda msikitini, alitoa chupa yake na unyoya wa kuku, akachovya, akapita duka zima. Bawaba, makufuli, mikasi, miguu ya feni, matundu yote yenye chuma alipaka. "Bahari ya hapa yala chuma kama mchwa alavyo mbao," alisema, na hakuna wa kumbishia, kwa sababu makufuli ya jirani yalikuwa yakifunguliwa kwa nyundo na ya kwetu yalifunguka kwa kidole.

Kadzo alipokuja, hakuuliza bei. Aliamkia, Mzee akaitikia marahaba, kisha Kadzo akageuza uso upande niliokuwa mimi kabla sijasema neno. "Nasikia kuna kompyuta inayosoma kwa sauti kilichoandikwa. Mnayo?" Nikasema tunayo. "Inasema Kiswahili?" Nikasema inasema, tena sanifu. Sikuwa najua chochote. Huo ndio ulikuwa mtindo wetu ufukweni: kwanza unakubali, halafu unatafuta. Alipoondoka nikaenda kwenye duka la mtandao, unapolipia kompyuta kwa dakika, nikasoma jioni nzima, na nikaona kwamba kweli, ndani ya mfumo ule ule wa bure kuna programu ya kusoma skrini, na sauti yake mojawapo ni ya Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza katika biashara yangu kuahidi uongo nikakuta ni kweli. Nilijisikia kama nimepunjwa.

Nilimtengea mashine iliyotoka kwenye ofisi moja ya mashamba ya chumvi huko Gongoni, ndogo, ya kubebeka, yenye spika mbili chini ya kibodi. Ilipoanza kusema, Bi Zena alitoka uani na mwiko mkononi akauliza, "Nani huyo mgonjwa?" Maana sauti ile ilikuwa ya mzungu aliyejifunza Kiswahili ndani ya ndege, na ndege ikatua mapema. Ilikata maneno pasipo na kiungo. Kadzo hakujali. Alikuwa amesomea uchapaji shule ya wasioona, vidole vyake vinajua kibodi kuliko vyangu vinavyojua mfuko wangu, na kilichomkosesha kazi ni kwamba hakuweza kusoma alichoandika wala kujisahihisha. Kila ofisi aliyokwenda walimpa chai na pole, kisha wakamwelekeza kwenye karakana ya kusuka. "Nimesuka mikeka ya kutosha kutandika barabara kutoka hapa hadi Kilifi," aliniambia, "na bado Kilifi sijafika." Sasa mkuu wa ofisi moja huko Kilifi, kwa kuchoka kumuona mlangoni, alikuwa amemwambia: njoo Jumatano baada ya mwisho wa mwezi, na hiyo mashine yako. Nitakusomea barua, uiandike, uisahihishe mbele yangu. Ukiweza, tutaanza. Ukishindwa, usirudi tena kunisumbua. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano, na ingawa mimi ni bingwa wa mapatano, sikuona pa kupenya.

Basi akawa anakuja kila asubuhi, anakaa chumba cha nyuma kwenye kiti cha mbao kilichokuwa na mguu mmoja mfupi, na anajifunza. Aliandika barua za kubuni na mashine ikamsomea. Adhuhuri Bi Zena alituletea sinia, wali wa nazi na mchuzi wa papa siku za neema, mahamri ya asubuhi na mbaazi siku nyingine, na tulikula huku mashine ikiendelea kusoma kwa sababu Kadzo hakutaka kuizima. Wateja waliokuwa mbele waliisikia. Siku moja mzee mmoja alimuuliza Mzee Athman kwa sauti ya chini, "Athman, hujambo? Umemuweka mzungu uani?" Mzee akajibu, "Ni mgeni wa Kadzo. Hali, hanywi, anasema tu." Nakumbuka nilivyowaza kwamba sijawahi kuwa mahali ambapo watu wanne wanataka jambo moja, na hakuna anayejaribu kulipata kwa bei ya chini.

Alhamisi mashine ilisema. Ijumaa asubuhi, siku tano kabla ya Kilifi, Mzee alipita na unyoya wake kama kawaida, tena kwa ukarimu zaidi, maana alisema mashine ya Kadzo inakwenda safari na isiende imekauka. Kadzo siku hiyo hakuja. Shangazi yake alikuwa na shughuli. Mimi nami mchana nikaitia mashine masasisho mapya ya mfumo, niipambe kwa safari. Jumamosi akaja, akaiwasha, akasubiri. Akasubiri tena. "Katana," akasema, "imeninunia."

Nikajua kosa ni masasisho. Nani asingejua? Jana imesema, leo nimeigusa, imenyamaza. Nikaanza nayo kama ninavyoanza na kundi la wateja wagumu: usigombane na kundi zima, tafuta ni yupi hasa anayekataa. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikauliza mashine kama inaiona kadi yake ya sauti. Ikasema inaiona, ikaitaja na jina. Nikafungua alsamixer, programu ya kurekebishia sauti, ambayo ni safu ya nguzo zinazopanda na kushuka, na chini ya nguzo iliyozibwa kuna herufi MM. Hapakuwa na iliyozibwa. Nguzo zote juu, rangi nyekundu kileleni, na ukimya kama wa mchana wa Ramadhani. Nikabadilisha draiva, ile programu inayounganisha mfumo na kadi. Kimya. Nikafuta mfumo mzima nikauweka upya, wa zamani, bila masasisho, barua za Kadzo nikiwa nimezihifadhi pembeni. Kimya. Nikachomeka hedifoni nisikie kama sauti itapita huko. Ikaingia nusu ikakwama. "Chumvi ya Gongoni," nikasema, "imelila tundu." Nikaliacha.

Jumapili Kadzo hakwenda kanisani. Alikaa kwenye kiti chake na kanda, ule mfuko wa kusuka, alilokuwa akimshonea shangazi yake, na sauti pekee mle chumbani ilikuwa ya shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, ikipenya ukindu. Sijui kama alifanya makusudi. Kila shazia lilipopenya mimi nilisikia, rudi karakana, rudi karakana. Bi Zena alileta chai ya tangawizi, akaitazama mashine, akasema, "Labda imesikia mambo ya watu ikachoka." Mzee alisimama mlangoni akauliza kama aongeze mafuta. "La, Mzee," nikasema, "yatosha." Nilisema kwa adabu tu. Sikujua nilikuwa nimesema neno la maana kuliko yote niliyosema wiki ile.

Jumatatu nilirudi kwenye duka la mtandao, nikaandika kwenye ukumbi mmoja wa mtandaoni ambamo watu wa mfumo huo husaidiana. Ni watu wa ajabu. Hawakupi pole. Unawaambia umekwama, wanakuuliza umejaribu nini, na usipowaonyesha majibu ya mashine yenyewe hawakujibu. Niliwapenda mara moja, ni wauzaji halisi. Mmoja, sijui wa nchi gani, akaangalia nilichowatumia akaandika: kadi yako ni nzima. Mashine inaamini kuna hedifoni imechomekwa, ndiyo maana imezifunga spika. Je, kuna kitu ndani ya tundu? Nikamjibu kwa kujiamini, kama mtu aliyeulizwa kama amevaa suruali: hakuna. Hata hedifoni yenyewe haiingii. Akaniandikia jinsi ya kuizima hiyo tabia kwenye alsamixer, akaongeza, lakini kwanza tazama tundu.

Jumanne asubuhi nikamsomea Kadzo maneno hayo. Akaliweka kanda chini. "Kwa hiyo haijanyamaza," akasema. "Inaongea siku zote hizi. Inamnong'oneza mtu ambaye hayupo."

"Ndivyo asemavyo."

"Nami nilikwambia. Ukiiwasha, spika hugonga kidogo, tap, kama mtu anayeweka kikombe. Spika iliyokufa haigongi. Ukasema ni feni. Tundu umelitazama?"

"Nimelitazama mara mbili. Jeusi."

"Umeligusa?"

Sikuwa nimeligusa. Akanyoosha mkono, akapapasa ubavu wa mashine, akatia ukucha wa kidole cha mwisho, akauzungusha, akaunusa. "Mulungu wangu! Katana, haya ni mafuta ya nazi."

Nikainama nikanusa. Yalinukia waziwazi, kama nywele za mtoto. "Umewezaje—"

"Hata wewe ungenusa, kama hungekuwa unatazama." Akalichomoa shazia kwenye kanda, akaingiza ncha yake tunduni polepole, akisikiliza kwa vidole. Kitu kikakwaruza. Akavuta, kikatoka, akakiweka mezani: kipande cha ncha ya unyoya wa kuku, kimeviringika kwenye ute wa mafuta na chumvi. Mzee alikuwa ameusukuma unyoya ndani kabisa, kwa mapenzi, safari isiikute mashine imekauka, na ncha ikakatikia humo. Ndani ya tundu lile kuna kibati chembamba ambacho hedifoni ikiingia hukisukuma, na mashine ikajua ifunge spika. Unyoya ulikuwa umefanya kazi ya hedifoni.

Nikaiwasha mashine. Tap, kisha kimya. Kibati kilikuwa kimeshikwa na ule uji wa mafuta na chumvi, hakikurudi. Hapo ikawa zamu yangu. Nikafungua alsamixer, nikasogea mpaka nguzo ya mwisho, ile ya kufunga spika yenyewe kwa yenyewe, nikaizima, nikaifungua barua ya mwisho aliyokuwa ameiandika Kadzo. Na yule mzungu wetu wa ndege iliyotua mapema akasema, kwa sauti iliyojaza chumba, akikata maneno vibaya vilevile: Kwa mkuu wa ofisi. Mimi ni Kadzo, na barua hii nimeiandika mwenyewe.

Kadzo alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mzee Athman akaja mbio toka mbele, ndara moja mkononi. "Imesema! Imesema?" Akasimama mbele ya meza, macho yake yanang'aa. "Si niliwaambia? Mafuta yamefanya kazi!" Nikafungua kinywa. Kadzo, ambaye hakuwa ananiona, akanikanyaga. "Yamefanya, Mzee," akasema. "Mungu akulipe." Naye Mzee akasimama pale kitambo, akaiangalia mashine, akaiangalia meza, akarudi mbele akiwaita wapita njia.

Huko Kilifi nilikwenda na Kadzo kubeba mashine, na kumsaidia kupatana kama ingebidi. Haikubidi. Mkuu alimsomea barua ndefu kuhusu mabati, kwa kasi, labda kwa makusudi. Kadzo akaandika. Mashine ikamsomea, akasikia mahali alipokosea, akarudi, akasahihisha, akaomba ichapishwe. Mkuu akaisoma karatasi mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili, nikampenda kwa hilo. Kisha akatafuta pa kutokea. "Na umeme ukipotea?"

"Mashine ina betri," Kadzo akasema. "Na hapo, mkuu, mimi peke yangu ndiye nitakayeendelea kuandika gizani. Nyinyi mtakuwa mnatafuta mishumaa."

Akaanza kazi wiki iliyofuata. Ijumaa ile Mzee alipita na unyoya mpya, akapaka bawaba, makufuli, feni, na alipofika kwenye kompyuta akazipita. "Hizi zimeshiba," akasema. Hakuzipaka tena kamwe. Niliona ni bahati yetu, sikuihesabu mara ya pili.

Hayo yote nilikuwa nayakumbuka pale uani, sinia katikati yetu, wali wa nazi ukitoa mvuke, Kadzo akitafuta papa kwa vidole na kumpata kabla yangu. Nikasema jinsi sheikh alivyosimulia kisa kile kwenye hitima. Kadzo akatabasamu kuelekea sinia. Bi Zena akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akanawa mkono, akaingia ndani, akarudi na chupa ya mafuta na kitu alichokifunga kwenye kitambaa. Akakifungua mbele yetu. Ulikuwa unyoya wa kuku, mkavu, wa zamani, hauna ncha. Nikaushika mkono wa Kadzo, nikamgusisha. Akaupitishia kidole mara moja, akasimama hapo ulipokatikia.

"Alijua," Kadzo akasema.

"Siku ile ile," Bi Zena akasema. "Aliiona ncha mezani, kando ya shazia lako. Akaja hapa uani, akakaa hapo ulipo wewe Katana, akaniambia: Zena, wale watoto wamenisitiri mbele ya uso wangu. Nikiwaambia najua, nitaivunja sitara yao. Bora nijisifu."

"Miaka yote ile?" nikasema. "Barazani, kwa mikono na macho?"

"Ndiyo raha yake ilipokuwa. Hasa ukiwepo wewe. Akirudi ndani alikuwa ajishika mbavu kwa kicheko. Aniambia, Zena, leo tena Katana amekohoa."

Nimepatana na Waitaliano, na Wagiriama, na Waarabu wa Malindi, na mabwana wa ofisi, na sijawahi kuondoka mahali nimezidiwa hivyo, tena na mtu niliyedhani ndiye ninayemfichia. Nilitaka kusema neno. Badala yake nikakohoa.

"Kikohozi hicho hicho," Bi Zena akasema, akanisogezea papa.